Wapenda kulana mapema: somo la sataranji nililolipata Nakuru

Jumapili iliyopita mpwa wangu alirudi Mombasa kutoka Nakuru, na kabla hata hajanywa maji akaniwekea mapajani sanduku lake la sataranji. Alikuwa amelizungushia utepe wa gundi mara tatu.

"Mjomba, shika. Mimi sichezi tena."

Ana miaka 15. Hapa mtaani kwetu hakuna wa rika lake anayemweza, na hata watu wazima wanaomshinda ni wachache. Likizo hii alikuwa kwa ami yake Bondeni, kule Nakuru, akaingia mashindano madogo ya vijana ya siku mbili. Alicheza michezo mitano. Alishinda mmoja, akatoka sare mmoja, akashindwa mitatu.

"Kule hawachezi, mjomba. Wanakulana tu. Ukitoa farasi, anakula. Ukitoa malkia, anakula. Robo saa ubao mtupu, halafu unafungwa na hujui umefungwa na nini."

Nilicheka, naye hakupendezwa. Ikabidi nimweleze kwamba simcheki yeye, najicheka mimi. Mji huo huo, na kwa mchezo huo huo, ulinitoa jasho miezi mingi kabla yake. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, maana vijana wengi wa barazani kwetu hulalamika vivyo hivyo wakikutana na watu wa bara, nimeona nilieleze jambo hili hapa.

Mzee wa reli

Mwaka 2020 depo ya makontena ya Naivasha ilipoanza kazi na mizigo ikapelekwa huko kwa reli mpya, kampuni ya kutoa mizigo niliyokuwa nikiifanyia kazi ilituhamisha baadhi yetu. Wiki nzima nilikuwa Naivasha, na Ijumaa jioni nilipanda matatu, tukapita Gilgil, nikaenda kulala kwa jamaa zangu Nakuru. Mtu aliyezoea joto la Mombasa hawezi kuusahau mwezi wa Julai wa Nakuru. Nilikuwa nikitoka na sweta mbili na bado natetemeka.

Karibu na tulipokaa kulikuwa na duka la fundi cherehani, na nje ya duka meza, na mezani mzee mmoja mstaafu wa reli na ubao wake. Ilikuwa sataranji, dama hakuitaka. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Mombasa. Akapanga kete.

Mimi nyumbani nilikuwa na jina. Napenda kushambulia: kete zote nje, mfalme wa mwenzangu nimemzunguka, watu wamesimama nyuma yangu wanapiga kelele. Mzee hakunipa nafasi hiyo. Nikitoa farasi, anamletea farasi wake wakabiliane, wanakulana. Nikitoa malkia, analeta malkia. Baada ya dakika kumi na tano tumebaki na mfalme mfalme, na askari wachache. Hapo ndipo aliponifunga, taratibu, huku akinywa chai.

Nilimwambia kwa hasira kidogo, "Mzee, wewe huchezi, unasafisha ubao."

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Kijana, nyinyi watu wa Mombasa mnapenda ubao ikiwa na watu wengi. Ikibaki watu wawili mnaogopa."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli, na yote nitakayoyaeleza hapa chini yametoka humo.

Kabla hujaniandikia ndugu msomaji: najua wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mchezo huu. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kauli mashuhuri ni kwamba ni makuruhu na si haramu, madamu hapana kamari na sala haipitwi na wakati. Mimi na mzee hatukuwekeana hata shilingi, na adhana ikilia nilikuwa nikiuacha ubao kama ulivyo.

Kula si lazima

Kwanza tukubaliane majina. Mfalme ndiye shaha wa wazee wetu. Malkia, Waarabu humwita waziri. Ile kete iendayo mshazari, Waingereza wameiita askofu, lakini kwa Kiarabu ni fil, yaani ndovu, nami nitaiita ndovu. Wapo farasi, zipo ngome, na wapo askari wanane wa mbele. Thamani zao zinajulikana: askari 1, farasi 3, ndovu 3, ngome 5, malkia 9. Miraba huitwa kwa herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8. Mweupe anaanzia chini, safu ya 1 na ya 2.

Watu wengi wa pwani tunaingia katika sataranji tukitokea michezo miwili. Tukitokea bao, tumezoea kwamba kete haifi. Ukizila kete za mwenzako unazipanda upande wako, na mwisho wa mchezo zote 64 zingali pale, ila zimehama mwenyewe. Tukitokea dama, tumezoea kwamba ukiweza kula lazima ule. Sataranji haifanani na yoyote kati ya hizo. Kinacholiwa kinaondoka na hakirudi, na hakuna anayekulazimisha kula.

Hilo ni jambo dogo kulisema na gumu kulitenda. Mtu akikuletea farasi wake mbele ya farasi wako, mkono wa dama unawasha. Unakula, naye anakula, na hakuna aliyefikiri. Mpenda kulana anautegemea mkono huo. Yeye ameshajua ubao utakavyokuwa baadaye, na wewe ndiyo kwanza unaugundua.

Kwa hiyo kete mbili zikikabiliana, una njia tatu: kula, kumwacha yeye ale, au kusogea. Mara nyingi njia ya pili ndiyo bora, yaani kuimarisha kete yako kwa mlinzi mwingine na kuendelea na kazi zako. Acha kamba ivutike. Akila yeye, wewe unarudisha kwa kete mpya iliyokuwa imelala, na umepata hatua ya bure.

Nani amelipa kwa hatua?

Nikupe mfano ambao unaweza kuupanga sasa hivi. Mweupe anasukuma askari e4, mweusi e5. Farasi wa mweupe anakwenda f3, farasi wa mweusi c6. Mweupe anasukuma d4, askari wa mweusi anamla, na farasi wa mweupe anakula pale d4. Sasa farasi wawili wanatazamana. Mpenda kulana hawezi kungoja: farasi wake anakula d4, na malkia wa mweupe anakula d4.

Simama utazame. Mweupe ana malkia katikati ya ubao na askari wa e4. Mweusi kete zake zote zilizobaki zimo nyumbani, hakuna hata moja iliyotoka. Utasema malkia kutoka mapema ni hatari, atafukuzwa. Kweli, lakini kwa kawaida anayemfukuza malkia wa d4 ni farasi wa c6, na farasi huyo mweusi amemtoa mwenyewe! Akijaribu kumfukuza kwa askari wa c5, askari wake wa d7 anabaki nyuma bila mwenzake wa kumshika mkono, na atamlinda mchezo mzima.

Thamani ni sawa, 3 kwa 3, na ukihesabu kete utaona hakuna aliyepata. Ukihesabu hatua utaona mweusi amelipa. Mpwa wangu alipopanga mchezo wake wa kwanza wa Nakuru ili nione, hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa mweupe, alikuwa na malkia mzuri wa d4, na akaogopa. Alimrudisha malkia nyumbani d1. Zawadi aliyopewa akaifunga akairudisha kwa mwenyewe.

Tazama kinachobaki

Kosa langu kubwa kwa mzee wa reli lilikuwa kutazama kinachoondoka. Mzee alitazama kinachobaki.

Chukua mwanzo huu wa zamani, uitwao wa Kihispania. Mweupe e4, mweusi e5, farasi f3, farasi c6, ndovu wa mweupe b5. Mweusi anasukuma a6 kumuuliza ndovu swali, na mweupe badala ya kurudi anamla farasi wa c6. Mweusi arudishe kwa askari wa d7. Usihofu askari wa e5. Farasi wa mweupe akimla, malkia wako anashuka d4 na kuwashika wawili kwa mpigo, farasi huyo na askari wa e4, na askari wako anarudi.

Sasa nini kimebaki? Mweusi ana ndovu wawili na njia zao zimefunguka, lakini ana askari wawili waliopandana kwenye mstari wa c. Mweupe ameachia ndovu, lakini askari wake wamenyooka. Askari wa d wa mweupe akishabadilishwa na askari wa e wa mweusi, kisha kete zote nyingine zikaondoka, mweupe ana askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme, na kati ya hao wanne atatoa mmoja wa kupita mpaka awe malkia. Mweusi naye ana wanne dhidi ya watatu upande wa pili, ila kwa sababu wawili wamepandana, ni vigumu kutoa wa kupita.

Maana yake ni kwamba baada ya kulana huko kumoja, wachezaji wawili wana kazi mbili tofauti. Mweupe anataka kuendelea kulana. Mweusi anataka kuacha, aweke ndovu wake wawili, afungue ubao, ashambulie. Ukiwa mweusi na ukaendelea kukubali kila anachokuletea, umeifanya kazi ya mwenzako.

Na usidhani anayebadilishana malkia mapema anaomba sare. Mwaka 1914, mashindano ya St. Petersburg, Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, alikuwa nyuma ya Capablanca, kijana wa Cuba, na alihitaji kumshinda. Watu walitarajia moto. Lasker akacheza mwanzo huo huo niliokuonyesha, akamla farasi wa c6, na malkia wakaondoka kabla ya hatua ya kumi. Capablanca alicheza kama mtu asiyeona hatari. Farasi wa Lasker akapanda mpaka e6, akakaa humo kama mfupa kooni, na Capablanca akashindwa. Lasker ndiye aliyemaliza wa kwanza.

Malkia wakiondoka

Hili ndilo linalowavunja moyo vijana wetu zaidi. Mweusi anacheza d6, kisha farasi f6, kisha e5. Mweupe anakula askari wa e5, mweusi anarudisha kwa askari wa d6, na malkia wa mweupe anashuka mpaka d8 kumla malkia. Mfalme wa mweusi analazimika kula mwenyewe. Kijana anaona mfalme wake yuko d8, hawezi tena kujificha nyuma ya ngome, na malkia hana. Moyo unamtoka.

Lakini jiulize, nani atamshambulia mfalme huyo? Silaha kubwa imeshaondoka. Sukuma c6, uzibe miraba ya b5 na d5 isiingiliwe na farasi, umpeleke mfalme c7. Pale amekaa salama na yuko karibu na katikati, na malkia wakiwa wameondoka, katikati ndiko mfalme anakotakiwa. Mweupe aliyemficha mfalme wake pembeni itabidi baadaye apoteze hatua kumtoa.

Mwaka 2000 kule London, Kramnik alimvua Kasparov ubingwa wa dunia kwa njia isiyo mbali na hiyo. Akiwa mweusi, mara kadhaa aliingia hali ambayo malkia waliondoka hatua ya nane na mfalme wake akabaki d8, hana pa kujificha. Kasparov, ambaye kwa kushambulia hakuna aliyemfikia, hakuweza kuuvunja ukuta huo. Kramnik alimaliza kwa pointi 8.5 kwa 6.5 bila kushindwa hata mchezo mmoja.

Nafasi, na hesabu

Kuna hali mbili ambazo kulana kuna faida dhahiri, na lazima uzijue kwa sababu mwenzako anazijua.

Ya kwanza ni nafasi. Matatu ya abiria 14 ikibeba 20, wote wanaumia, na kila anayeshuka njiani anawapa wengine pumzi. Mchezaji aliyebanwa, ambaye askari wake wamesogea safu moja tu na kete zake zinagongana, kila kete inayoondoka inampunguzia msongamano. Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye mwenye nafasi kubwa, usimsaidie kushusha abiria. Akileta kete ya kubadilishana, sogeza yako pembeni kidogo kwa mraba ulio mzuri vile vile. Hapa kusogea si woga. Na ukiwa wewe ndiye uliyebanwa, mwombe mabadilishano wewe.

Ya pili ni hesabu. Mwanzo wa mchezo kila upande, ukimwacha mfalme, una thamani ya 39. Nikikula farasi bila malipo, ni 39 kwa 36, tofauti ambayo haionekani. Tukibadilishana malkia na ngome zote, inakuwa 20 kwa 17. Tukibadilishana tena ndovu wote na farasi mmoja mmoja, ni 11 kwa 8: mimi nina farasi na askari wanane, wewe una askari wanane tu, na farasi wangu anatembea kama fisi zizini. Ndiyo maana aliyezidi kete hutaka kulana kete, na aliyepungukiwa anatakiwa azikimbize kete zake na abadilishane askari, kwani askari wakiisha, mwenye ziada anaweza kukosa cha kumfanya malkia.

Hata hapo kuna mtego. Ukibaki na ndovu mmoja na askari wa pembeni, wa mstari wa a au wa h, na ndovu huyo haendi kwenye rangi ya mraba wa mwisho wa askari wako, mfalme wa mwenzako akishaingia pembeni pale humtoi. Ni sare. Mpenda kulana mzuri anaujua mtego huo na anakuingiza humo akiwa amezidiwa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba hii si tabia ya watu wa bara peke yao. Mchezo huu ulitoka India ukapita Uajemi ukafika kwa Waarabu, na Baghdad ya enzi za Abbasiya ilikuwa na mabingwa wake, akina al-Adli na as-Suli, walioandika vitabu juu yake. Malkia wa zama zao, yule waziri, alikwenda mraba mmoja tu wa mshazari, na kumwacha mfalme wa mwenzako peke yake bila kete yoyote kulihesabiwa kuwa ushindi. Kusafisha ubao kulikuwa njia halali ya kushinda. Mzee wa reli angeelewana nao vizuri.

Akitafuta sare

Wapo wengine wanaolana kwa sababu wanakuogopa, wanataka sare waondoke. Mfano: mweupe e4, wewe e6, yeye d4, wewe d5, naye anakula d5 papo hapo. Rudisha kwa askari wa e6. Pande mbili zimefanana kama vioo, lakini kumbuka amekufungulia ndovu wako wa c8, ambaye katika mwanzo huo kwa kawaida hukaa gerezani. Usiendelee kumuiga. Kama amemficha mfalme wake upande wa kulia, wewe toa ndovu d6, farasi c6, farasi mwingine e7, malkia d7, umfiche wako upande wa kushoto. Sasa wafalme wako pande mbalimbali, kila mmoja anasukuma askari kumfuata mwenzake, na sare aliyoitafuta imekuwa ngumu kupatikana.

Ubao mtupu

Nimebakisha lililo kubwa. Yote ya juu hayatakusaidia kama unauogopa ubao mtupu. Utakataa kulana pale unapotakiwa kukubali, utarudisha kete nyuma kuzikimbiza, na mpenda kulana atakufuata mpaka ukutani. Dawa yake ni kuujua mwisho wa mchezo kuliko anavyoujua yeye. Siku akijua kwamba unaujua, yeye ndiye atakayeanza kufikiri kabla ya kula.

Mchezo wangu wa kwanza na mzee uliishia hivi. Yeye alikuwa na mfalme e5 na askari e6. Mimi nilikuwa na mfalme wangu tu, e7. Akasogeza mfalme d5. Zamu yangu. Nilirudi d8, nikiona niko karibu na mfalme wake. Akaja d6. Nikaenda e8, akasukuma askari e7. Sikuwa na pa kwenda ila f7, mfalme wake akaingia d7, na askari akawa malkia.

Ningerudi e8 moja kwa moja, nyuma ya askari, ilikuwa sare. Akija d6, nakwenda d8, tunatazamana. Akisukuma e7, mfalme wangu anatishiwa na ninarudi e8. Hapo ama mfalme wake anakuja e6, nami sina hatua huku sitishiwi, na hiyo kwa kanuni ni sare. Ama anamwacha askari wake namla. Hatua moja, mraba mmoja, ndio tofauti. Rudi nyuma kwa mstari ulionyooka, na mfalme wake akija mbele mkabili uso kwa uso.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye askari, geuza somo: mfalme mbele, askari nyuma. Mfalme wako akifika e6 na askari wako yuko e5, mfalme wa mwenzako yuko e8, umeshinda, awe zamu ya nani. Hilo ni kwa askari wote isipokuwa wa pembeni.

Mzee alinifanyia zoezi ambalo nilidhani ni la watoto. Alitoa kete zote, akabakisha wafalme na askari wanane wanane, akasema tucheze hivyo. Wiki sita tulicheza hivyo tu. Humo nilijifunza askari wa kupita anavyozaliwa, mfalme anavyotembea, na namna hatua moja ya askari wa pembeni, ukiiweka akiba, inavyoamua mchezo mwishoni. Tuliporudi kwenye mchezo kamili, nilipoletewa malkia nibadilishane, kwa mara ya kwanza nilimuuliza yeye, "Mzee, una hakika?" Akacheka mpaka fundi akasimamisha cherehani.

Sitasema nilianza kumshinda kila siku. Alinishinda zaidi mpaka siku ya mwisho. Lakini mchezo wetu wa mwisho, usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi pwani, ulifika tena pale pale: askari wake amesogea safu ya sita, mfalme wake nyuma yake, mimi na mfalme wangu tu. Akasogea, akaniangalia. Nikarudi moja kwa moja, e8. Alikaa kimya kitambo, kisha akafunga chupa yake ya chai na kunipa mkono. "Sasa wewe ni mtu ya kucheza na yeye," alisema.

Jumapili ile usiku niliukata utepe wa mpwa wangu kwa kisu. Sikumpangia mchezo. Nilipanga wafalme wawili na askari wanane wanane, nikamwambia tutacheza hivi tu mpaka shule zifunguliwe, baada ya Isha, nusu saa. Alinuna. Usiku wa kwanza nilimshinda mara nne. Usiku wa tatu alinishinda mara moja, na hakusema kitu, ila niliona amezipanga kete upya kabla mimi sijanyoosha mkono.

Jana aliniuliza swali moja tu: likizo ya Desemba, nauli ya Nakuru ni ngapi?